Mayai ya Kuku wa Mjini

Baba hunituma mayai kabla jua halijagusa mnara.
"Ya kuku wa mjini," husema, "kiini chake kimepauka,
kinafaa nyuso za vijana.
Ya shamba ni mekundu; hayo ni ya wazee
na watakatifu waliochomwa na jua la jangwani."
Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani kuku nao
wamegawiwa kazi na Mungu.

Ubao tuliupaka jasi mara nane, tukausugua
hata ukashinda shavu langu kwa ulaini.
Ndipo dhahabu. Funga dirisha, ziba pumzi,
jani la dhahabu huogopa hata kikohozi.
Baba alilisugua kwa jino la mbwa
miaka thelathini, bega la kulia likashuka;
na mbwa mwenyewe, marehemu Fosco,
akaingia mbinguni kwa mlango huo.

Bikira wa Baba alikuwa mkubwa kama lango.
Mfanyabiashara wa sufu aliyelipia kazi
alipiga magoti pembeni, hazidi kiatu cha Mama.
Hakulalamika. Alijua kimo chake.
Nyuma yao hapakuwa na mlima wala mti,
dhahabu tupu, kwa kuwa, alisema Baba,
aliko yeye hakuchi wala hakuchwi.

Kisha kaka yangu Vanni akarudi kutoka Firenze
na uzi, na msumari,
na chupa ya mafuta ya kitani yanayonuka samaki wa juzi.
Akapigilia msumari katikati ya ubao mpya,
akavuta uzi huku, akavuta kule,
na ubao, haki ya Mungu,
ukatoboka.
Ukumbi ukaingia ndani, nguzo zikapungua
moja baada ya moja, kama watu wanaoaga,
na mwisho kabisa barabara, na punda,
na mtu mmoja mdogo kama punje ya dengu.

Bikira wake ni Lippa, dobi wa pale darajani,
mikono yake myekundu kwa majivu na maji baridi.
Mtoto ana mikunjo mapajani,
analishika titi kama mwenye kudai deni.
Wanawake walicheka kanisani. Kisha mmoja akalia:
"Huyu ni wangu, aliyenifia Kwaresima."
Na mwenye sufu wa leo, mjukuu wa yule,
kapiga magoti bega kwa bega na Mama wa Mungu,
pete tatu, na chunjua ya pua yake imo.

Baba alikuja siku ya tatu, mkono begani kwangu,
ukungu umeshamwingia machoni.
"Nisimame wapi?"
Vanni akampeleka hadi tofali la tano kutoka mlangoni.
"Hapa, Baba. Ukisogea, nguzo zinalala."
"Wangu hukutazama popote upigapo magoti,
hata mwizi aliyejibanza gizani. Wako
anamtazama mwanawe."
"Mama gani hamtazami mwanawe?"
Wakanyamaza. Nami nimpe nani haki,
mkono huu unanuka yai, huu kitani?

Jioni ikaingia. Ukumbi wa Vanni ukazimika,
nguzo, dobi, pete na yote.
Mtunza kanisa akawasha mshumaa mmoja,
na kule kando, ule ubao wa zamani
ukaanza kupumua.
"Pale," akasema Baba, akageuza shingo. "Pale naona."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamnong'oneza:
"Yule mtu wa punda, Baba, bega lake la kulia limeshuka."
Akakaa kimya kitambo.
"Naenda au narudi?"
Nikamtazama Vanni. Vanni akatazama uzi wake.

Kesho yake nilinunua mayai sita, ya shamba.
Hakuna aliyeuliza kiini.
Tukayala.